Nani Hakuja Kliniki Leo?

Ukiuliza hospitali yoyote ni wagonjwa wangapi waliohudumiwa jana, utajibiwa mara moja. Rejesta ipo, mistari imehesabiwa, na jumla imeandikwa chini kwa wino mwekundu. Sasa uliza swali la pili: ni wangapi waliotakiwa kuja jana na hawakuja? Hapo watu huanza kutazamana. Mgonjwa aliyekuja anaonekana. Anakohoa, amebeba mtoto anayelia, ana kadi mkononi. Asiyekuja haonekani. Hayumo katika foleni, na rejesta ya kawaida haina mstari wake.

Sisi wauguzi wa hospitali za misheni tumefanya kazi miaka mingi kati ya maswali hayo mawili, na maoni yetu ni kwamba kushindwa kujibu lile la pili kunaua watu. Ndiyo maana mwezi huu tunapenda kuzungumzia kompyuta za kliniki, jambo ambalo familia nyingi huliona kuwa la makarani tu. Siku hizi mgonjwa huulizwa jina, kijiji, namba ya simu na jina la ndugu wa karibu kabla hata hajaulizwa anaumwa nini, na wengine hukasirika. "Nimekuja na homa, ninyi mnaniuliza namba ya shemeji yangu!" Wana haki ya kupewa maelezo, na maelezo yenyewe ndiyo haya.

Taarifa hizo huwekwa pamoja katika kompyuta kwa utaratibu ambao wataalamu huuita kanzidata. Neno hilo lisikutishe. Ni rejesta kama ile ya zamani, isipokuwa ina uwezo mmoja ambao daftari halina: inaweza kupangwa upya kufuatana na swali unalouliza. Daftari limepangwa kwa tarehe za waliokuja. Ukitaka kumjua asiyekuja ni lazima ufunue kurasa zote, mstari kwa mstari, na muuguzi mwenye wagonjwa themanini mlangoni hawezi kufanya kazi hiyo. Kompyuta ukiiuliza nani alipangiwa kuja kati ya Jumatatu na Ijumaa na hana alama ya kufika, itakupa majina hayo kabla maji ya chai hayajachemka.

Wazo lenyewe si geni, wala halikuletwa na kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1970, hapa Tanzania, Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulifanya kazi na daktari mmoja Mcheki, Karel Styblo, aliyesimamia utaratibu mkali wa rejesta. Kila mgonjwa aliyeanza dawa katika robo fulani ya mwaka alipaswa baadaye kutolewa hesabu yake: amepona, amemaliza dawa, amefariki, amehamia kituo kingine, au ameacha dawa njiani. Hakuna aliyeruhusiwa kupotea kimyakimya kwenye karatasi. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mkakati wa DOTS katikati ya miaka ya 1990, sehemu kubwa ya mafunzo yake ilitoka katika kazi hiyo ya Tanzania. Wauguzi wa umri wetu tunayakumbuka madaftari yale mapana, na mratibu wa wilaya aliyekuja kwa pikipiki kuyakagua, mwenye vumbi hadi kwenye nyusi. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba kuwafuatilia wagonjwa ni mtindo wa kizungu ulioletwa na kompyuta, tunamwambia kwamba dunia ilikuja kujifunza kwetu.

Tofauti ya siku hizi ni wingi. Mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida hutumia dawa miezi 6, kisha jina lake hufungwa. Dawa za kufubaza VVU zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, tulipata wagonjwa ambao majina yao hayafungwi, kwa kuwa dawa hizo ni za maisha. Kila mwaka waliongezeka wapya juu ya wale wa zamani. Daftari likajaa, likafuatiwa na la pili, na la tatu likaanza kuchanika kabla halijajaa. Ndipo kliniki za tiba na matunzo zilipoanza kuingiza kadi za wagonjwa katika kompyuta, na huko ndiko sisi tulikojifunza nguvu ya utaratibu huu na udhaifu wake.

Tuchukue jambo moja tu tulieleze vizuri. Mama mwenye VVU akijifungua, mtoto wake hupimwa akiwa na wiki 4 hadi 6. Matone machache ya damu hutolewa kisiginoni, hukaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara. Siku hiyo mtoto huwa amenawiri, ananyonya vizuri, na mama haoni sababu ya wasiwasi. Baadaye majibu hurudi. Kama mama amerudi pia, yote ni mema. Kama hakurudi, karatasi ya majibu hukaa katika droo ya meza yetu, ikisema kwamba mtoto fulani ameambukizwa, na mtoto huyo yuko kijijini akichezewa na bibi yake.

Watoto wanaozaliwa na maambukizi, wasipopata dawa, karibu nusu yao hufariki kabla ya kufikisha miaka 2, na wengi wao katika miezi ya mwanzo kabisa. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuwaanzishia dawa mapema, bila kungoja dalili, kulipunguza vifo vyao kwa asilimia 76. Dawa ipo na ni ya bure. Kinachokosekana ni mtu wa kutambua, wiki hii na si mwezi ujao, kwamba majibu namba fulani hayajachukuliwa, na kwamba mama yake alisema anakaa nyuma ya mashine ya kusaga. Kompyuta iliyounganisha kadi ya mama na kadi ya mtoto inaweza kutoa orodha hiyo kila Jumatatu asubuhi. Kompyuta ambayo haikuunganisha kadi hizo itamwonyesha mama kuwa mtoro wa kliniki moja na mtoto kuwa mtoro wa kliniki nyingine, na hakuna atakayejua kwamba ni nyumba moja.

Neno hilo "mtoro" hatulipendi, ingawa tumelikuta katika fomu. Mtoro ni mwanafunzi aliyekwepa shule. Watu wengi ambao majina yao hutoka katika orodha ya wasiofika hawakukwepa kitu. Wengine wamefariki. Wengine wamehamia kuvua au kulima mahali pengine na wanachukua dawa huko bila barua ya uhamisho. Mwingine nauli imemshinda. Mwingine ameolewa, na mume hajui habari zake. Mwingine alikaripiwa na mmoja wetu mbele za watu siku aliyochelewa, akaona heri abaki nyumbani. Orodha haisemi ni yupi kati ya hao. Inasema tu nenda ukaulize, na anayekwenda kuuliza aende kama mtu anayemjulia hali ndugu yake. Akienda kama mgambo wa kodi, mwezi ujao nyumba hiyo itafungwa atakapokaribia.

Kuna aina nyingine ya kukosa huduma ambayo husahaulika kabisa: mgonjwa amekuja, ameketi saa tano, ameonwa, amepewa dawa, na bado amekosa alichostahili. Kipimo cha damu kilipaswa kufanywa miezi mitatu iliyopita na hakuna aliyekumbuka. Mama wa miaka arobaini amekuja kliniki mara kumi na hajawahi kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi. Tabibu hana nia mbaya. Faili lina karatasi nyingi, foleni ni ndefu, na macho yamechoka.

Wenzetu wa Eldoret, nchini Kenya, wamelifanyia kazi jambo hili. Mwaka 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na mji huo, walianza kuandika habari za wagonjwa katika kompyuta, na mfumo huo ukakua ukahudumia kliniki nyingi za VVU magharibi mwa Kenya. Baadaye walifanya jaribio katika kliniki ya watoto. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kwa kundi moja, kompyuta ilimchapia tabibu karatasi yenye muhtasari wa mgonjwa pamoja na ukumbusho wa mambo yaliyochelewa: kipimo hiki hakijafanywa, mtoto huyu alipaswa kuanzishiwa dawa. Kwa kundi la pili hapakuwa na ukumbusho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Katika kundi lenye ukumbusho, asilimia 68 ya mambo yaliyochelewa yalitimizwa. Katika kundi lisilo nao, asilimia 18. Kliniki ni ile ile, na watoto wote ni wa maeneo yale yale. Kilichozidi ni karatasi moja iliyosema bila kuchoka kile ambacho mtu mchovu husahau.

Tunalitaja hilo kwa sababu katika hospitali nyingi, na hili tunalisema kwa uchungu kidogo, kompyuta imewekwa ili taarifa zipande. Zinapanda kwenda wilayani, zinapanda mkoani, zinafika wizarani na kwa wafadhili. Hazishuki. Karani anashinda akiingiza kadi za jana, na muuguzi aliyeko chumba cha pili hajawahi kupewa hata ukurasa mmoja wa kumsaidia leo. Hiyo kwetu ni nusu ya kazi, na nusu iliyo rahisi. Kama mashine imekwisha kujua kwamba mama huyu hajapimwa, kwa nini ijue peke yake? Orodha ichapwe Ijumaa jioni ili umeme ukikatika Jumatatu tuwe nayo mkononi. Karatasi haihitaji betri.

Sasa tuje kwenu, wana familia, maana kompyuta hujua kile tu ilichoambiwa. Mtu mmoja ana jina la ubatizo, jina la ukoo, jina la utani, na akishazaa anakuwa Mama Anna. Kliniki ya wajawazito amejiandikisha kwa jina la baba, wodini kwa jina la mume, na akipelekwa na dada yake amegeuka kuwa wa ukoo wa dada. Yohana anaandikwa John leo na Johana kesho. Kwa macho ya kompyuta hao ni watu watatu, na wote watatu ni wagonjwa waliopotea, ilhali yeye mwenyewe yuko nje kwenye benchi. Tunaomba jambo moja: chagueni jina moja la hospitali, liwe lile lililo katika kitambulisho cha taifa au cheti cha kuzaliwa, na kadi ije kila safari hata kama imeloa au imetafunwa na panya. Namba iliyo juu ya kadi ina thamani kuliko jina.

Wapo wanaotupa majina ya uongo na namba za simu zisizopatikana, na tunajua sababu yake. Wanaogopa siri kutoka. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Simu ya nyumbani inashikwa na mume, na watoto, na jirani aliyeazima kupiga mara moja. Ujumbe unaosema "njoo uchukue dawa zako za VVU" unaweza kuvunja ndoa kabla ya chakula cha jioni.

Hapa pia kuna mfano mzuri wa Kenya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa 538 walioanza dawa za VVU katika kliniki tatu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa kila wiki ujumbe mfupi wenye neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida." Aliyejibu shida, na aliyekaa siku mbili bila kujibu, alipigiwa simu na muuguzi. Mwisho wa mwaka, waliofanikiwa kufubaza virusi katika kundi hilo walikuwa asilimia 57, dhidi ya asilimia 48 kwa wasiotumiwa ujumbe. Angalieni walivyofanya. Ujumbe haukutaja ugonjwa, haukutaja hospitali, wala haukutaja dawa. Yeyote aliyeokota simu aliona salamu ya vijana tu. (Kwa mzee wa miaka sabini huenda tungepaswa kuandika "Shikamoo," ila hilo ni dogo.)

Kwa hiyo mnapoulizwa namba ya simu, nanyi ulizeni. Itatumika kwa nini? Nani atapiga? Ujumbe utasemaje? Je, mgonjwa anaweza kutoa namba ya mtu mwingine anayemwamini? Muuguzi mwenye adabu atajibu yote hayo bila kununa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile zinazolindwa kwa uangalifu zaidi. Kompyuta ya kliniki iwe na neno la siri, na kila mtumishi awe na lake. Tunawaonya wenzetu: neno la siri lililobandikwa ukutani kwa plasta si siri.

Tunaulizwa mara nyingi na viongozi wa jumuiya ndogondogo, watu wema kabisa: "Sista, tupeni majina ya wasiofika, sisi tutawaleta." Tunawashukuru, na jibu letu ni hapana. Orodha ya wasiofika kliniki fulani ni orodha ya wenye ugonjwa fulani, hata kama haikuandikwa juu yake. Ikisomwa katika nyumba moja jioni, asubuhi itakuwa kisimani. Anayefaa kumfuata mgonjwa nyumbani ni mtu ambaye mgonjwa mwenyewe alimkubali siku ya kwanza, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefundishwa na anayewajibika kutunza siri. Jumuiya ina kazi kubwa isiyohitaji orodha: kuchangia nauli bila kuuliza safari ni ya nini, kumtunzia mtu watoto siku ya kliniki, kutangaza siku za chanjo. Dozi ya pili ya surua na rubela, ile ya miezi 18, akina mama wengi huisahau kwa sababu mtoto amekwisha kutembea na wanadhani chanjo zimekwisha. Hilo litangazeni kwa sauti mpendayo.

Limebaki suala la fedha. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake kwa nchi za nje, miongoni mwa waliopoteza kazi katika nchi zetu za Afrika Mashariki walikuwa makarani wa takwimu na wahudumu waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa. Mashine ikabaki mezani. Inajua kila asiyekuja, ila hakuna wa kuiuliza. Maoni yetu ni kwamba mtu huyo hapaswi kutegemea mfadhili. Bodi za hospitali zinapoketi kupanga bajeti huanza na dawa, kisha mafuta ya gari, na karani huja mwisho kama zimebaki. Sisi tungempandisha. Dawa ambayo mwenyewe hakuja kuichukua hukaa stoo mpaka muda wake umalizike.

Na tungependa karani huyo asiishie kwenye VVU na kifua kikuu. Mgonjwa wa shinikizo la damu, wa kisukari, wa kifafa, naye dawa zake ni za maisha, lakini katika vituo vingi habari zake zimo katika daftari lake la shule analokuja nalo mwenyewe. Asipokuja, na daftari halikuja. Miezi sita baadaye analetwa na machela, mdomo umepinda, upande mmoja hausogei, na familia inasema alikuwa mzima kabisa. Tunajua kikwazo kilipo: dawa hizo hununuliwa, na kumpigia simu mtu asiye na fedha ya dawa ni kama kumdai. Hata hivyo tungependa kujua kwamba ameshindwa, kuliko kutojua lolote. Aliyeshindwa tunaweza kumtafutia dawa ya bei nafuu, au kumwombea msamaha wa malipo kwa ustawi wa jamii. Asiyejulikana hatuna la kumfanyia.

Jambo la mwisho ni gumu kidogo kulisema. Mgonjwa anapofariki nyumbani, familia huzika, hufunga matanga, na hakuna anayekumbuka kliniki. Kwenye kompyuta yeye bado yu hai, na tarehe yake ikipita jina lake litatoka katika orodha. Muuguzi atapiga simu, itapokewa na mjane, naye ataulizwa kwa nini baba hakuja. Tafadhalini, mmoja wenu apite na kadi dirishani pale kwa karani, hata siku ya gulio akiwa na mizigo yake. Haihitaji foleni wala malipo. Tutaandika tarehe, tutawapa pole, na simu hiyo haitapigwa.